Namna ya kujua wanasayansi wameandika nini miaka yote kuhusu ugonjwa wa mmea (na mawe pia), ukiwa na simu na daftari tu

Dogo mmoja hapa mtaani Igoma kaniuliza juzi, bro unajuaje kama watafiti wameandika sana kuhusu ugonjwa fulani au waliachaga? Nikamwambia kaa, leta daftari.

Kwanza usitafute "magonjwa ya mimea" yote, utazama. Chagua mmoja. Tuchukue michirizi kahawia ya mihogo, maana huku kwetu udaga ndo ugali wenyewe na kila mtu ashawahi kumenya muhogo mzuri kabisa kwa nje, kisu kinaingia ndani unakuta mabaka ya kahawia makavu, hata mbuzi anauangalia mara mbili.

Ingia Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za watafiti, andika "cassava brown streak" na hizo alama za kunukuu uziweke, bila hizo inakuletea kila kitu chenye muhogo. Halafu tafuta sehemu ya miaka, kwenye simu imejificha kwenye menyu, weka 1930 hadi 1939, andika idadi, kisha 1940 hadi 1949, unapanda hivyo hivyo mpaka leo. Ile namba ya juu ni makadirio tu, kwa hiyo zikiwa chache hesabu vichwa vya makala mwenyewe.

Utaona hivi: 1936 mtafiti Storey anauelezea ugonjwa akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, 1950 mwenzake Nichols anaandika tena, halafu kimyaaa, miaka ya 1990 watu wanaanza kurudi, 2001 kirusi kinatambuliwa, na ulipoibuka Uganda 2004 makala zinamwagika.

Sasa hapo kwenye ukimya ndo wengi wanachemka, wanadhani ugonjwa ulikuwa umeisha. Wapi! Kazi ya kuzalisha mbegu kinzani Amani ilisimama miaka ya 1950, mtu wa kuandika hayupo. Tena Nichols alisema sehemu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 ugonjwa hausambai, watu wakakariri hivyo miaka na miaka. Ziwa letu Victoria lipo kama mita 1,134 juu ya bahari, kwa maandishi yale sisi tuko salama, kamuulize mkulima wa Ukerewe sasa. Ndo maana usihesabu tu, soma angalau makala moja ya zamani na moja mpya.

Halafu gawanya. Siku hizi makala za kila kitu ni nyingi, kwa hiyo tafuta "cassava" peke yake kwa miaka ileile, kisha idadi ya ugonjwa igawanye kwa hiyo. Mfano wa kubuni: 20 kati ya 400 ni asilimia 5, baadaye 40 kati ya 1,600 ni asilimia 2.5, yaani idadi imepanda mara mbili ila mgao umeshuka nusu.

Kwenye jiolojia kazi ni majina. Ukitafuta "plate tectonics", yaani habari ya mabamba ya dunia yanayosogea, kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hupati kitu cha maana, mabara yalikuwa yanasogea vilevile ila walikuwa wanaita "continental drift", kusogea kwa mabara. Na haya mawe yetu makubwa ya Mwanza tafuta "Archaean" na pia "Archean", jina la enzi ya kale sana mawe hayo yalipotokea, Waingereza na Wamarekani hawajawahi kukubaliana tahajia.

Njia nyingine tamu ni kuanzia makala moja. Kuna ile ya 1996 kwenye jarida la Science iliyosema Ziwa Victoria lilikauka zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, walichimba matope ya chini wakasoma. Bofya pale panapoonyesha imetajwa na nani, utashangaa, wanaibishania sana ni watu wa samaki, maana kama ziwa lilikauka hawa furu wa aina mamia wametoka wapi?

Makala ikidai hela, bofya matoleo mengine chini yake, mara nyingi kuna pdf ya bure.

La mwisho, kila namba iandikie tarehe uliyotafuta, zinabadilikaga. Dogo hakuandika, kesho yake namba zikagoma kufanana, akaanza upya na bando langu.