Somo: Kumsafisha paka macho nyumbani (naandika mara moja tu)

Wadau, tangu baridi ianze huku Uyole sipumziki. Kila siku ni picha ya paka mwenye matongotongo na swali lile lile: "Nimpake nini?" Humpaki kitu. Unamsafisha. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Mtazame kwanza. Tongo kavu la kahawia asubuhi, na jicho liko wazi linang'aa, ni jambo la kawaida. Ukiona usaha wa njano au kijani, jicho limefumba, lina ukungu mweupe, au analikwangua kwa mguu, acha somo hili umpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, usingoje Jumatatu.

1. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kisiwe na kilima. Funika mpaka yawe vuguvugu. Yakilala, mwaga.

2. Nawa mikono.

3. Mviringishe kwenye khanga, kichwa tu kibaki nje. Anayesema paka wake hahitaji khanga, mwambie akuonyeshe mikono yake.

4. Lainisha tongo. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nawahi daladala ya Mwanjelwa, nikaona tongo limegandamana, nikalibandua kwa ukucha. Likatoka na manyoya na ngozi. Kope likavimba, na paka akanikimbia wiki nzima, akiniona tu yuko uvunguni. Kwa hiyo: lowanisha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa maji yale ya chumvi, weka juu ya jicho lililofumba, shikilia, hesabu mpaka sitini. USISUGUE. Likiwa bado gumu, chukua kipande kingine uanze upya, mpaka liteleze lenyewe. Pamba ya kunyofoa huacha nyuzi, na uzi ukiingia jichoni umeongeza tatizo. Huna gozi? Kata fulana kuukuu, ichemshe.

5. Futa kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja, tupa. Kila mfuto na kipande chake. Anza na jicho zima, bovu liwe la mwisho.

6. Mkaushe, mpe dagaa.

MASWALI

mkaa_mafinga: Nina dawa ya matone niliyoandikiwa mimi mwaka jana. Nimtie?
— Hapana.

mkaa_mafinga: Mbona ni ya macho?
— Na viatu vyako ni vya miguu, mvalishe basi. Baadhi ya matone ya binadamu yana deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Kama kioo cha jicho kina kidonda, dawa hiyo inakizuia kupona na jicho linaweza kutoboka. Kidonda chenyewe huwezi kukiona kwa tochi ya simu.

bibi_wa_tukuyu: Mwanangu, sisi tulizoea kutia maziwa ya mama.
— Shikamoo bibi. Najua, hata kwetu walitia. Ila maziwa ni chakula cha vijidudu. Yakibaki kwenye kope vinapata karamu. Maji yale ya chumvi yanatosha.

parachichi_njombe: Wangu hutoa machozi kila Juni, bila usaha, halafu yanaisha. Kwa nini?
— Swali zuri, mkuu. Paka wengi hupata mafua ya paka wakiwa wadogo, na virusi vya hepesi ya paka hubaki mwilini hata akipona. Akisumbuka, mfano mmehama au mmeleta paka mwingine, vinaamka. Binadamu havimpati. Chanjo ipo, haizuii moja kwa moja ila inapunguza ukali. La pili ni moshi. Baridi ikikaza tunaingiza jiko la mkaa ndani, na nani analala karibu nalo kuliko wote? Litoe, hata kwa usalama wenu.

parachichi_njombe: Nimeelewa. Na vitoto?
— Hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Kope likivimba kabla ya hapo, huenda kuna usaha ndani. Usilifungue kwa nguvu, mpeleke.

bibi_wa_tukuyu: Na ile dawa ya kuulia vijidudu ya sakafuni, matone mawili kwenye maji?
— Usitie hata tone moja, bibi. Paka hujilamba, itamdhuru.

mkaa_mafinga: Basi nimpe panadoli apunguze maumivu?
— USIMPE! Ini la paka haliwezi kuivunja. Kidonge kimoja kinaua.

mkaa_mafinga: Ameshameza nusu, asubuhi.
— Weka simu chini, mbebe sasa hivi. Mwambie daktari ni nusu kidonge, na saa aliyomeza.