Hang Tuah alimuua nani? Jinsi ya kusoma hekaya yenye matoleo yanayogongana

Ukianza kusoma habari za Hang Tuah, yule shujaa wa Melaka (ufalme wa zamani wa Wamalay, leo ni sehemu ya Malaysia), najua utakwama wapi. Huku unaambiwa alimuua rafiki yake Hang Jebat, ukifungua kwingine aliyekufa ni rafiki mwingine, Hang Kasturi, alafu ukiuliza mwandishi nani hupati jibu. Usikate tamaa.

Kwanza jua umeshika kitabu gani, maana viko viwili na watu wanavichanganya kila siku. Kuna Hikayat Hang Tuah (hikayat ndo hekaya yetu hii hii, neno moja la Kiarabu) na kuna Sejarah Melayu, yaani habari za masultani, ambamo Tuah ni mmoja tu kati ya wengi.

Jina la mwandishi wa Hikayat usihangaike kulitafuta, halipo. Tafuta umri wa hekaya yenyewe humo humo ndani: inagusia Waholanzi na watu wa Johor (ufalme jirani) kuwatoa Wareno Melaka, na hiyo ni 1641, kwa hiyo hekaya tuliyonayo haijakamilika kabla ya hapo, wakati Tuah mwenyewe anawekwa karne ya 15. Hapo katikati watu wamesimulia wee, wamenakili kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na mnakili naye ana mdomo wake. Sejarah Melayu inahusishwa na Tun Sri Lanang, bendahara (yaani waziri mkuu) wa Johor, na dibaji yake inataja 1612, ila hata yeye wengi wanamwona kama mtu aliyepanga upya hekaya ya zamani.

Sasa chukua tukio moja tu ulipime pande zote mbili, usibebe kitabu kizima. Mi huchukua lile pambano la ikulu. Kote Tuah amesingiziwa, sultani kaamuru auawe, mkubwa mmoja kamficha, rafiki kaiteka ikulu, Tuah anaitwa arudi. Kwenye Hikayat rafiki ni Jebat, anapigana huku ameshika kris (jambia la Kimalay) iitwayo Taming Sari iliyokuwa ya Tuah, na mpaka Tuah airudishe mkononi ndo anamshinda. Kwenye Sejarah Melayu, nakala ile maarufu ya mkono iitwayo Raffles 18, iliyoko London, ni Kasturi: kris ya Tuah inanasa ukutani, Kasturi anamwacha aichomoe, kisha ya Kasturi ikinasa Tuah anamchoma mgongoni. Kasturi analalamika kwamba hivyo sio uanaume, anajibiwa kwamba msaliti hana wa kumtendea haki.

Umeona? Jina limebadilika, lakini na heshima ya Tuah imebadilika, na hapo ndo pa kukaa muda mrefu kuliko kubishana nani alikufa kweli. Sisi wenyewe Liyongo tunamsimulia kwa njia kadhaa na hatugombani (sawa, tunagombana kidogo).

Ukiandika, usiseme "Tuah alimuua Jebat" ukaishia hapo, taja na kitabu, na kama ni Sejarah Melayu taja na nakala.