Kuandika mpango wa kujifungua hospitalini bila kuingiliwa pasipo sababu

Mimi ni mkunga. Leba ikijaa sina muda wa kurasa nne, kwa hiyo mama, lenga ukurasa mmoja, na uanze kabla ya wiki ya 36.

Hatua ya 1: Uliza kwanza. Ukiwa kliniki, uliza kila mama hufanyiwa nini akifika leba. Wanamwekea dripu? Wanampasua chupa? Ndugu au mwenza anaruhusiwa kuingia? Wanachofanya tayari unavyotaka, usikiandike. Ulizia pia hali yako, maana presha, kisukari au kovu la upasuaji hubadilisha mengi.

Hatua ya 2: Juu kabisa weka jina, kundi la damu, mzio na atakayekaa nawe.

Hatua ya 3: Wakati wa uchungu. "Nataka kujifungua kwa njia ya asili" kila mhudumu ataielewa kivyake. Taja vitendo:

"Naomba kutembea na kuchagua mkao. Naomba kula chakula chepesi na kunywa. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kwa vipindi, kama hakuna tatizo. Nisiongezewe njia (kukatwa ukeni) ila kwa dharura, na nielezwe kwanza."

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unakubaliana na haya kwa mama asiye na hatari. Unasema pia kuwa mlango wa kizazi kufunguka chini ya sentimita 1 kwa saa, peke yake, si sababu ya kuharakisha uchungu. Ndiyo maana mstari huu usiuache: "Nikichelewa kufunguka, na mimi na mtoto tu salama, tuzungumze kabla ya dripu ya uchungu."

Hatua ya 4: Mtoto akishatoka. Omba awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1. Sindano ya oksitosini usiikatae, nakusihi. Inazuia kuvuja damu, na damu huua haraka.

Hatua ya 5: Ikilazimu upasuaji. Wengi huruka hapa kwa hofu. Andika nani aingie nawe na nani ampakate mtoto ukiwa bado unashonwa.

Ukimaliza, upitie na mkunga na uombe nakala iwekwe kwenye faili lako. Nyingine mpe atakayekusindikiza, aisome mpaka aijue, kwa sababu uchungu ukikolea yeye ndiye atakayekusemea.