Jinsi ya kuandika kisa cha watoto wenye vipaji vya ajabu

Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na kijana anayeruka angani, anayesoma mawazo ya watu na asiyeungua kwa moto. Niliwasomea watoto wa jirani barazani. Nilipofika pale rafiki zake wanapotekwa, binti mmoja akauliza, "Sasa si aende tu akawachukue?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo naanza na kile ambacho mtoto hawezi.

Hatua ya 1: Chagua mahali unapopajua kwa miguu

Mimi nachukua Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kina mama wanalima mwani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Wakulima huingia kufunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Baada ya muda wa kama saa sita, bahari imejaa tena. Hapo kisa kimeshapata saa yake: watoto wakiwa mbali kule karibu na mwamba, msomaji anajua maji yanarudi, huna haja ya kumtisha kwa maneno.

Hatua ya 2: Kipaji kitoke kwenye kazi ya mikono

Mwanaidi ana miaka 13 na amekua akimsaidia mama yake kufunga mwani. Basi kipaji chake kikae kwenye fundo: akilishika, anasikia alichokuwa akiwaza aliyelifunga.

Hatua ya 3: Weka mpaka, kisha weka bei

Hapa usiwe na haraka. Mpaka wa Mwanaidi ni maji: fundo likikauka, halisemi kitu. Bei yake ndiyo nzito. Katika kila fundo alilolisikia, neno moja hubaki ulimini mwake, na litamtoka atake asitake. Kabla hujaanza kisa chenyewe, andika tukio dogo la kuijaribu bei hiyo. Langu lilikuwa hili:

"Mwanaidi, hebu nipe chumvi," mama alisema.

"Deni," akajibu Mwanaidi.

Baba akabaki na tonge mkononi. "Deni gani, mwanangu?"

Mama hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa bado vimenyauka kwa maji ya bahari, na akaanza kuvificha kimoja kimoja ndani ya kanga.

Hakuna jini wala radi hapo, lakini nyumba imeshatikisika. Tukio lako lisipomuumiza mtu yeyote, bei bado ni rahisi. Ipandishe.

Hatua ya 4: Mtoto wa pili aje na kile anachokikosa wa kwanza

Haji akibana pumzi, sauti zote zilizo karibu naye hunyamaza. Kwa hiyo anaweza kulizima neno la Mwanaidi lisisikike, ila kwa muda ule tu ambao mapafu yake yanastahimili. Sasa wanahitajiana, na kila mmoja anajua siri itakayomwangusha mwenzake. Wawili wanatosha kuanzia. Ukileta watoto sita kwa mpigo, utatumia kurasa nyingi kuwatambulisha tu.

Hatua ya 5: Usiugeuze mwili wa mtoto kuwa uchawi

Hili nalisema kwa uchungu. Tanzania watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani kwamba miili yao ina nguvu za bahati. Hadithi inayompa mtoto mwenye ualbino miujiza kwa ajili ya ngozi yake inaulisha uongo uleule, hata kama umemfanya shujaa. Mweke kwenye kisa, tena mbele: awe nahodha, awe mkorofi, awe ndiye anayegundua njama. Kipaji akipata, kitokane na anachofanya, kama cha Mwanaidi kilivyotoka kwenye fundo.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti mbele ya wenye umri huo

Shika penseli. Kila wanapoanza kuchezea mchanga au kutazama barabarani, tia alama pembeni, lakini usisimame kujieleza. Ukimaliza, usiwaulize kama wamependa, maana kwa adabu watasema ndiyo. Waulize, "Mwanaidi afanye nini sasa?" Wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kaa kimya uandike wanayosema. Kisha rudi nyumbani ukakate kila palipo na alama.