Namna ya kufuatilia aina za kirusi zinazoibua mawimbi ya mlipuko

Mchoro wa idadi ya wagonjwa wapya huonyesha milima na mabonde, lakini hauonyeshi ni kirusi kipi kilicho nyuma ya kila mlima. Afrika Kusini ilipitia mawimbi manne ya UVIKO-19 kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2022: baada ya wimbi la kwanza la kirusi cha awali likaja la Beta, kisha la Delta, kisha la Omicron. Anayetaka kulitambua wimbi likiwa bado changa anahitaji kusoma mambo mawili kwa pamoja, yaani idadi ya wagonjwa na mgawanyo wa aina za kirusi, yote ya wiki zilezile.

Kazi huanza na uchaguzi wa sampuli, na kwa maoni yangu hapa ndipo makosa makubwa zaidi hufanyika. Sampuli za wasafiri waliopimwa mpakani, au za watu walioambukizwa katika mkusanyiko mmoja, zina faida yake, ila zihesabiwe kando na zisichanganywe na zile zilizochaguliwa bila upendeleo kutoka mikoa yote. Sampuli 300 hivi kwa wiki, zikichaguliwa kwa bahati nasibu, hutoa uwezekano wa asilimia 95 wa kuinasa walau mara moja aina iliyofikia asilimia 1 ya maambukizi. Zikiwa 60 tu, uwezekano huohuo hupatikana pale aina hiyo inapokuwa imeshafikia asilimia 5. Kila sampuli iandikiwe tarehe iliyochukuliwa, wala si tarehe ya majibu, kwani maabara ikichelewa wiki tatu, wimbi zima nalo litaonekana limechelewa wiki tatu.

Jenomu, yaani maelezo yote ya kurithi ya kirusi, ikishasomwa, hupangwa katika ukoo wake kwa mfumo wa Pango, ambao ndio ulioipa Beta jina la B.1.351. Koo hizo hugawanywa upya mara kwa mara, hivyo sampuli za zamani nazo zipangwe tena kila mfumo unaposasishwa. Mahali ambapo usomaji wa jenomu ni wa taratibu, kipimo cha PCR chenye shabaha tatu, yaani kinachotafuta sehemu tatu tofauti za jenomu ya kirusi, kinaweza kutoa dalili ya mapema. Alpha na Omicron ya kwanza, BA.1, zilikuwa na pengo (kipande kilichokosekana) katika jeni ya mwiba, yaani ya protini iliyochomoza juu ya kirusi, lililofanya shabaha moja ikose kuonekana, ilhali Delta haikuwa nalo. Dalili hiyo ndiyo iliyowasaidia wataalamu wa Gauteng, mkoa wa Afrika Kusini, kuona kasi ya Omicron mwezi Novemba 2021. Hata hivyo, BA.2 iliyofuata haikuwa na pengo hilo, kwa hiyo njia hii isitumiwe bila kusoma jenomu za sampuli chache kila wiki.

Baada ya hapo zidisha asilimia ya kila aina kwa idadi ya wagonjwa. Tuchukue mfano wa kubuni: wagonjwa ni 1,000 wiki ya kwanza, 700 ya pili na 550 ya tatu, na aina mpya ni asilimia 4, kisha 11, kisha 27. Anayetazama jumla ya wagonjwa pekee atatangaza kwamba mlipuko unaisha. Lakini aina ya zamani imeshuka kutoka 960 hadi 623 hadi 401, na aina mpya imepanda kutoka 40 hadi 77 hadi 149, karibu mara mbili kila wiki. Mwendo huo ukiendelea, wiki ya nne jumla itasimama kwenye 550 hivi, na wiki ya tano itakuwa imepita 700. Wimbi jipya lilianza ndani ya mteremko wa lile la zamani, tena wiki tatu kamili kabla ya jumla kuonyesha chochote. Kwa sababu hiyo, naona kupunguza sampuli wakati wagonjwa wanapungua ni kujinyima macho wakati yanapohitajika zaidi.

Usiharakishe kusema kwamba kila aina inayoongezeka inaambukiza zaidi. Katika kiangazi cha mwaka 2020 aina ya B.1.177 ilienea Ulaya kutoka Hispania kwa kubebwa na wasafiri, bila ushahidi thabiti kwamba ilikuwa na kasi kuliko wenzake. Kokotoa uwiano wa aina mpya kwa ya zamani katika kila mkoa peke yake. Ukipanda kwa kasi inayokaribiana hata katika mikoa isiyopokea wageni wengi, sababu inaelekea kuwa ndani ya kirusi chenyewe.

Hapo linabaki swali la kama kirusi hicho kinasambaa upesi zaidi au kinakwepa kinga ya waliokwisha kuugua, na jibu lake hutafutwa kwa kuoanisha kumbukumbu za vipimo vya mtu yuleyule, ili kuhesabu kila wiki walioambukizwa tena. Nchini Afrika Kusini hatari ya kuambukizwa tena haikupanda kwa kiwango kikubwa katika mawimbi ya Beta na Delta, bali ilipanda waziwazi Omicron ilipoingia.