Boti ya chuma ya Ziwa Kivu: kuipima, kuitunza na kujua siku ya kuistaafisha

Anayetaka kununua boti Goma au Bukavu huanza kwa kusikiliza motere, yaani injini. Motere haitamwambia kitu. Hung'olewa, hutengenezwa, hubadilishwa. Boti moja yaweza kumaliza motere tatu na bado ikaendelea na kazi. Kinachoimaliza boti ni tole (bamba la chuma) ya tumboni, ambayo haionwi na mtu kwa sababu juu yake pamelazwa mbao, na juu ya mbao magunia ya muhogo, makaa, saruji na maharage. Mwongozo huu unahusu boti za chuma za abiria na mizigo, zile za mita 15 hadi 25 zinazoondoka jioni na kufika asubuhi, au zinazozunguka Minova, Kalehe na Idjwi.

Alama ya boti tupu

Kazi hii hufanywa mara moja tu, siku boti inaposhuka majini ikiwa mpya au ikitoka kwenye matengenezo makubwa, na wengi hawaifanyi kabisa. Boti iwe tupu, tumbo kavu, mazutu (dizeli) ndani ya tanki kwa kiasi ulichokiandika. Subiri maji yatulie asubuhi. Piga alama nne pale maji yanapogusa: mbili mbele, mbili nyuma, kulia na kushoto. Rangi peke yake itafunikwa na rangi ya mwaka kesho, kwa hiyo weka mstari wa matone ya elektrodi, urefu wa sentimita 10 hivi, ndipo upake rangi juu yake.

Sasa piga hesabu. Zidisha urefu wa boti kwa upana wake kwenye usawa wa maji, kisha zidisha kwa 0.8 kwa sababu mbele na nyuma pamechongoka. Boti ya mita 18 kwa 5 inatoa mita za mraba 72. Maana yake, kila sentimita moja inayozama ni kilo 720.

Kila mwaka rudisha boti katika hali ile ile, tupu, na mazutu yale yale, upime. Ikiwa imezama sentimita 6 chini ya alama, imebeba tani 4 na kilo 320 ambazo hakuna aliyezilipia. Ni watu 72 wa kilo 60 wasio na tiketi, wamekaa humo kabla abiria wa kwanza hajapanda. Watafute. Kwa kawaida utawakuta kwenye viraka vilivyopachikwa juu ya viraka, mbao zilizonyonya maji, saruji iliyomwagwa tumboni ili kuziba tundu, na ghorofa ya juu iliyoongezwa na mwenye boti baada ya biashara kukubali.

Mtihani wa kuyumba

Uzito wa chini huizamisha boti kidogo. Uzito wa juu huipindua. Kupima hakuhitaji chombo chochote zaidi ya saa ya simu. Siku isiyo na upepo, legeza kamba za bandarini, boti iwe na maji ya kutosha chini yake na isiguse kitu. Watu wanne au watano wasimame upande mmoja, wahamie mwingine kwa pamoja, warudi, mpaka boti ianze kuyumba, kisha watulie katikati. Hesabu mayumbo 10 kamili, kulia hadi kurudi kulia, na ugawe muda kwa 10.

Chukua upana kwa mita, zidisha 0.8, gawa kwa sekunde ulizopata, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Boti ya upana wa mita 5 inayoyumba kwa sekunde 5: 4 gawa kwa 5 ni 0.8, mara 0.8 ni 0.64. Hizo ni mita za utulivu, na si mbaya. Boti ile ile ikichukua sekunde 8, jibu ni 0.25, na hiyo ikiwa tupu. Weka watu 40 kwenye ghorofa ya juu, hakuna kitakachobaki. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini ukiirudia kila mwaka kwa boti ile ile inakuonyesha inaelekea wapi.

Abiria hupenda boti inayoyumba polepole kwa sababu haiwatapishi. Ndiyo ya kuogopwa. Boti inayorudi kwa haraka na kuwasumbua tumbo ina nguvu ya kusimama.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na Kituku, bandari ya Goma, nchi kavu ikionekana. Kufika karibu si usalama. Mwishoni mwa safari mazutu ya chini yamepungua, watu walioketi wanasimama, na wote wanataka upande wa kushukia. Kapiteni afunge kamba mbili kwanza, ndipo watu waruhusiwe kuinuka.

Motere kwenye mita 1,460

Hapa tusikae sana. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Motere isiyo na tabo (turbo), iliyorekebishwa pwani, itapewa mazutu mengi kuliko hewa inayopata: moshi mweusi, nguvu haiongezeki, pistoni zinajaa masizi. Fundi wa pompi ya mazutu apunguze kipimo, asikiongeze. Pia maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha kipozeo kilicholegea kinachosamehewa Matadi, bandarini karibu na usawa wa bahari, hakisamehewi hapa.

Maji ya Kivu yana chokaa, ile inayoacha ukoko mweupe kwenye mawe ya ufukweni. Ukoko huo huo unakaa ndani ya mirija ya kupozea. Joto la motere likipanda taratibu wiki hadi wiki na pompi ni nzima, fungua mirija, iloweke kwenye asidi ya ndimu iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu mpaka ikome kutoa povu, suuza vizuri. Usigongegonge kwa bisibisi. Mirija ni myembamba.

Pale shafti inapotokea nje kuna kisanduku cha kamba za mafuta. Elisi (propela) ikizunguka, matone machache ya maji kwa dakika ni sawa. Ikisimama, yaishe au karibu kuisha. Makanika wengi hukaza mpaka kukauke kabisa, na shafti inaungua na kuchimbika. Kagua kwa mkono baada ya nusu saa ya safari: kisanduku kiwe cha uvuguvugu tu. Kamba zikiisha, toa zote za zamani, kata mpya pete moja moja, na viungo vyake visikae mstari mmoja.

Kuipandisha nchi kavu

Mara moja kwa mwaka, kati ya Juni na Agosti. Jua lipo na rangi inakauka. Upande wa Goma ufukwe mwingi ni mawe ya lava yenye makali. Boti ikiburutwa juu yake, tole inabonyea kati ya mataruma (mbavu za boti) na rangi ya mkukuni, kwenye uti wa chini, inabaki kwenye mawe. Tandaza mchanga, laza magogo ya mikaratusi ya kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, vuta kwa winchi taratibu. Boti ikishasimama, itegemeze chini ya mataruma, si katikati ya tole.

Kabla ya mtu kuingia kwenye chumba chochote kilichokuwa kimefungwa, fungua vifuniko vyote, acha usiku kucha, kisha pulizia hewa kwa feni. Watu wa Goma wanaijua mazuku: gesi nzito inayokaa bondeni na kuua mbuzi, na mtoto, bila harufu. Chumba cha chuma kina mazuku ya namna yake. Kutu inakula oksijeni, na baada ya miezi hewa iliyobaki haimtoshi mtu. Anayeingia afungwe kamba, na mwenzake abaki juu. Mwenzake akimwona ameanguka, avute kamba, asimfuate.

Kisha nyundo. Nyundo ya gramu 500, kichwa cha mviringo, unagonga kila sentimita 10 kufuata mstari. Tole nzima inalia kama kengele ndogo na nyundo inaruka kurudi mkononi. Tole iliyoliwa inajibu kwa sauti ya debe lenye unga, nyundo inakaa, na ganda la kutu linadondoka upande wa ndani. Zungushia chaki. Sehemu zinazoanza kuoza ni zile zile kila boti: mstari wa maji, pembeni mwa mkuku ambako maji hayafikiwi na pompi, chini ya tanki, chini ya choo, chini ya betri, na mbele pale boti inapopanda mchanga.

Kwenye chaki, pima unene kwa mashine ya mwangwi, inayotumia mlio. Kwangua rangi kwanza. Mashine ya kawaida haitofautishi rangi na chuma, na kwa kuwa mlio huenda polepole ndani ya rangi, milimita 1 ya rangi yaweza kusomeka kama zaidi ya milimita 2 za chuma. Anza kwa kuipima mashine yenyewe kwenye kipande cha tole ulichokwisha kukipima kwa kalipa. Gelo ya kupaka kati ya mashine na tole ikikosekana, grisi inatosha. Mashine ikikosekana kabisa, toboa tundu la milimita 6, pima unene kwa waya uliokunjwa ncha, kisha ujaze kwa elektrodi.

Wakaguzi wengi hukubali tole kupungua hadi robo: ya milimita 6 ibadilishwe ikifika 4.5, ya 5 ikifika 3.75. Vishimo vya kutu vilivyotawanyika vinaweza kuvumiliwa hadi theluthi ya unene.

Kiraka

Kubandika tole mpya juu ya mbovu ni huduma ya kwanza, ya kuifikisha boti mahali pa matengenezo. Kati ya tole mbili maji hubaki, kutu inaendelea gizani, na mwaka unaofuata nyundo inakudanganya kwa sababu ya juu inalia vizuri. Kiraka cha kweli ni kukata sehemu mbovu yote, kuingiza tole ya unene ule ule, kona zikiwa zimeviringwa, kila upande usipungue milimita 300. Kona ya pembe kali hupasuka. Elektrodi za aina ya 7018 zikaushwe. Pakiti iliyofunguliwa msimu wa mvua inatoa unganisho lenye vitundu.

Kemu ya ardhi (kibanio cha waya wa ardhi wa mashine ya kuchomea) ibanwe karibu na unapochomea. Ikibanwa mbali, umeme unapita kwenye shafti na kuharibu beringi. Tanki la mazutu lililo karibu litolewe au lisafishwe kabisa, kwani tanki “tupu” lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mtu na ndoo ya maji wakae upande wa pili wa tole, ambako mbao zinaweza kuwaka bila mchomeaji kuona.

Kabla ya kurudi majini, angalia vipande vya chuma cha kujitoa mhanga vilivyofungwa chini, vile vinavyoliwa badala ya tole. Zinki ni ya baharini. Kwenye maji ya ziwa hujifunika ganda na kulala. Weka magnesi (magnesiamu). Usivipake rangi. Kikirudi mwakani kikiwa na ukubwa ule ule, usifurahi, hakijashikana na chuma cha boti.

Lini basi?

Boti istaafu pale tole za kubadilisha zinapozidi theluthi ya tumbo, au mataruma yenyewe yanapoanza kuliwa kwenye maungio, au mtihani wa kuyumba unaposhuka na huna cha kutoa juu. Sababu moja inatosha.

Desturi ya kuihamisha boti mbovu kutoka abiria kwenda mizigo ndiyo inayoua. Boti ya mizigo inaondoka na magunia, na juu ya magunia wamekaa wenye magunia. Tole haijui tofauti. Kama inabaki na kazi, iwe gati la kuelea: toa motere, shafti na elisi, ziba tundu la shafti kwa tole kutoka ndani na nje, ifunge kwa minyororo pembe nne, na iendelee kupimwa kila mwaka kama zamani.

Kuivunja

Usiizamishe. Kivu ina kina cha karibu mita 485 lakini boti haizami pale unapotaka, na mazutu yake yatapanda kwa wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) na kwa wachota maji. Toa mazutu, mafuta ya motere na betri kwanza. Tumboni papanguswe kwa matambara, si kwa sabuni inayorudi ziwani.

Kata kutoka juu kwenda chini: paa, ghorofa, kuta, kisha mbavu za kulia na kushoto kwa zamu ili boti isiegemee upande mmoja na kumlalia fundi. Mkuku uwe wa mwisho. Kwangua rangi sentimita 10 pande zote za mstari wa kukata; moshi wa rangi za zamani una madini ya risasi.

Mnunuzi wa mitraye (vyuma chakavu) atakuuliza unene wa kwanza. Mwambie wa leo, kwa kuwa mizani itasema hivyo hivyo: mita ya mraba ya tole ya milimita 6 ni kilo 47, ikibaki 4 ni kilo 31. Elisi ya shaba usiiache kwenye lundo la chuma, bei yake ni nyingine kabisa. Tole za juu, ambazo hazijaliwa, zinafaa milango na mbabula (majiko ya makaa). Za tumboni ziende kuyeyushwa, zisirudi kwenye boti ya mtu. Namba iliyochongwa nyuma ikatwe na kipande chake, ipelekwe pamoja na karatasi kwa ofisi iliyozitoa. Ikisahauliwa kwenye lundo, itachomewa kwenye boti nyingine.