Somo: Neno "ryż" (mchele kwa Kipolandi), limetoka wapi na lina maana gani

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na majibu ni yale yale. Naliweka hapa mara moja, mtu akiuliza tena mbandikieni uzi huu.

1. Matamshi: karibu na "rish". Hiyo y si i yetu, rudisha ulimi nyuma kidogo. Ikifuatwa na irabu, ż inalia kama j ya Kifaransa: "kilo ryżu" ni kilo moja ya mchele. Usiseme ryś, huyo ni paka mwitu mwenye vishungi masikioni.

2. Maana: mpunga, mchele na wali, vyote ni ryż. Wakitaka kubainisha wanaongeza kivumishi: ryż niełuskany ni ambao haujakobolewa, ryż ugotowany umeshapikwa.

3. Njia ya neno: Kipolandi kilichukua rîs ya Kijerumani cha Zama za Kati (leo Reis). Nyuma yake kuna riso ya Kiitalia na ris ya Kifaransa cha kale, kisha oryza ya Kilatini, kisha óryza ya Kigiriki. Wagiriki nao walilipata kutoka lugha za Kiirani (ukoo wa Kiajemi). Ndugu zake ni wrije ya Kipashto (lugha ya Afghanistan) na vrīhi ya Kisanskriti.

4. Usilichanganye na ryży. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Ryży ni "mwekundu", husemwa juu ya nywele, na mtu akiyaona maneno haya mawili pamoja anaanza kutunga hadithi za mchele mwekundu. Hayana undugu wowote. Ryży ni la Kislavoni (ukoo wa lugha wenye Kipolandi na Kirusi), ndugu wa rudy, nalo ni "mwekundu" wa nywele, na ż yake ina sura ya Kislavoni cha mashariki, kama Kirusi. Mzizi huo huo ukipita katika sauti za Kipolandi chenyewe unatoa rydz, uyoga wa rangi ya chungwa (ndio wa methali yao "lepszy rydz niż nic", heri rydz kuliko kukosa kabisa). Ukitaka kuhakikisha, nenda Kirusi: mchele ni ris, wekundu wa nywele ni ryzhiy. Huko hayafanani hata kidogo. Kanuni: usiunganishe maneno kwa sura ya leo kabla hujaangalia lugha jirani.

MASWALI

Mdau 1: Kwa hiyo Kipolandi kimetokana na Kijerumani?
Jibu: Hapana. Neno limetokana, lugha haijatokana. Soma hatua ya 3.

Mdau 2: Mkuu, naomba kuelewa. Kama chanzo ni rîs yenye s, ż imeingiaje?
Jibu: Swali zuri sana. S ya Kijerumani cha wakati ule ilitamkwa ulimi ukiwa nyuma kidogo, katikati ya s na sh. Wapolandi waliisikia upande wa sh na ż. Ona mengine: Segel (tanga) ikawa żagiel, Sold (mshahara wa askari) ikawa żołd. Irabu nayo inatoa ushahidi: lingekopwa kutoka Reis ya leo, tungetegemea kuona alama ya "ai".

Mdau 3: Ryży si ndiyo mchele mwekundu?
Jibu: Hatua ya 4. Aya nzima.

Mdau 4: Nimesikia asili ni arisi ya Kitamil.
Jibu: Lilipendekezwa zamani kwa sababu ya kufanana, ila wengi sasa wanaelekea Kiirani. Wagiriki waliujua vizuri mpunga baada ya Aleksanda Mkuu kufika India mwaka 326 KK, na mwanafalsafa wao Theophrastus akaueleza katika maandishi yake ya mimea. Njia ya nchi kavu ilipita Uajemi.

Mdau 5: Na Waserbia mbona wanasema pirinač?
Jibu: Wao walipata kwa Waturuki, pirinç, ambalo ni birinj ya Kiajemi. Pilau yetu nayo ni ya Kiajemi, na Wapolandi wanayo: pilaw.

Mdau 6: Niko Kraków, dukani nimeona "ryż preparowany". Naweza kupikia pilau?
Jibu: Usiuguse dada, hizo ni bisi za mchele. Tafuta "długoziarnisty", punje ndefu, au basmati. Mwingi unauzwa katika vifuko vya gramu 100 vya kuchemshia. Kwa pilau chana kifuko umwage mchele sufuriani. "Paraboliczny" (uliopitishwa mvuke kabla ya kukobolewa) haugandi, ila hunywa viungo polepole, ongeza maji na muda.